Kutumia AC Moshi bila kumalizwa na LUKU: mwongozo kamili wa msimu wa joto

Mwaka wa kwanza nilipofunga AC, mita yangu ya LUKU ililia saa 8 usiku, siku ya tisa baada ya kununua umeme wa shilingi 30,000. Umeme wa kiasi hicho ulikuwa ukinifikisha karibu mwezi mzima. Nikashuka kitandani, nikaizima AC, nikafungua dirisha la upande wa mlima. Baada ya dakika ishirini chumba kilikuwa kinakalika. Nilibaki nimekaa pale kitandani najiuliza nilichokuwa nalipia ni nini hasa.

Jibu nimelipata kwa misimu kadhaa ya joto, na nusu yake halimo kwenye AC yenyewe. Limo kwenye bati, kwenye madirisha na kwenye saa unazochagua kuiwasha. Ndiyo maana katika mwongozo huu kununua mashine kumekaa katikati, hakukutangulia.

Kabla ya yote: unaihitaji kweli?

Kama unaishi Arusha mjini, Njiro, Sakina au Sekei, uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400. Mchana wa Februari una joto, lakini usiku unajifunika blanketi. Fanya hatua za bati na madirisha hapa chini, funga pangaboi, basi. Fedha ya AC inunulie kingine. Ndugu yangu wa Njiro alifunga moja sebuleni, na hadi leo kazi yake kubwa ni kuonyeshwa wageni.

Moshi ni habari nyingine. Mji uko chini zaidi, kati ya mita 700 na 950 hivi, na kadiri unavyoteremka kuelekea Pasua, Njoro na mashamba ya miwa ya TPC ndivyo joto linavyozidi. Kuanzia Desemba hadi mvua za masika, nyuzi 32 mchana ni jambo la kawaida. Lakini alfajiri hushuka hadi 18 au 19, na hapo ndipo akiba yetu ilipo: mchana unawaka, usiku unapoa.

Hatua ya 1: Jua uniti moja inakugharimu shilingi ngapi

Chukua risiti au ujumbe wa LUKU. Angalia uko kundi gani. Wengi wenye AC wako T1, kundi la watumiaji wa kawaida, ambako uniti ni shilingi 292, kisha inaongezwa VAT asilimia 18, REA (tozo ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1. Inafika kama 356. Ukikuta ununuzi wa kwanza wa mwezi umekupa uniti pungufu, usiilaumu AC: kodi ya jengo hukatwa hapo hapo.

Kama uko D1, kundi la watumiaji wadogo, soma kwa makini. Uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya tozo, lakini ya 76 na kuendelea ni 350. Ukiweka tozo juu yake, kila uniti inayoliwa na AC itakuwa inakugharimu kama 427, kwa sababu zile 75 za bei nafuu zilishamalizwa na friji, taa na pasi. Na ukizidisha miezi mfululizo, unahamishiwa T1. Kwa hiyo mwenye D1 asipige hesabu kwa bei ya 100, atajidanganya.

Hatua ya 2: Pima kwa taa ya mita

Mita ina kitaa chekundu kinachopepesa. Kando yake pameandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh, mfano 1000 au 1600. Hiyo ni idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Zima kila kitu ndani ya nyumba, pamoja na friji, uache AC peke yake. Subiri dakika kumi na tano itulie, kisha simama mbele ya mita na saa ya simu, uhesabu mipepeso ya dakika moja. Zidisha kwa 60, gawanya kwa ile namba. Umepata uniti kwa saa.

Mita yangu ni ya 1000. AC yangu ya kwanza ilipepesa mara 29 kwa dakika kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, ikiwa inafanya kazi, yaani uniti 1.74 kwa saa. Ninayotumia sasa, chumba kikishapoa, inapepesa mara 6. Hiyo ni uniti 0.36, kama shilingi 128 kwa saa. Hakuna maelezo ya muuzaji yaliyowahi kunifundisha kama dakika zile mbili mbele ya mita. Rudia kipimo kila unapobadilisha kitu, utajua kimesaidia au umetupa hela.

Hatua ya 3: Bati

Hapa nitakaa, maana ndipo wengi wanaporuka.

Saa 10 jioni, siku ya jua kali, panda juu ya stuli chumbani kwako uguse dari kwa kiganja. Kwangu lilikuwa na joto la chapati iliyofunikwa kwenye hotipoti. Juu ya dari lile kuna bati ambalo jua la mchana hulifikisha nyuzi 60 na zaidi, na bati linashusha joto hilo kwenye kenchi na kwenye jipsamu kutwa nzima. Wewe ukiwasha AC saa 12 jioni, unaanza kwa kupoza dari. Wewe mwenyewe uko nyuma ya foleni.

Moshi tuko karibu nyuzi tatu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo katika miezi ya joto jua la adhuhuri linapita karibu na utosi. Kuta za kaskazini na kusini hazipati sana. Paa ndilo linaloumia, na ukuta wa magharibi kuanzia saa 9 alasiri. Na siku hizi tumependa bati za msauzi za maruni na kijivu cheusi. Zinapendeza, sikatai, lakini rangi nzito hunyonya jua kuliko bati jeupe.

Kama bado hujaezeka, chagua rangi hafifu. Kama umeshaezeka, una njia tatu.

Ya kwanza ni kuruhusu hewa ya moto itoke darini. Nyumba nyingi zimezibwa kabisa kwa mbao za pembeni na siling bodi ya nje. Mwambie fundi afungue matundu chini ya upenu pande zote, na mengine juu kabisa kwenye ncha za kuta za pembetatu. Hewa baridi iingie chini, ya moto itoke juu. Aweke wavu wa chuma wenye matundu madogo, maana usipoweka, popo watahamia ndani ya wiki moja na utajuta kuliko joto.

Ya pili ni rangi nyeupe ya paa juu ya bati. Ioshwe kwanza vumbi na kutu, ipakwe mara mbili. Inachakaa, utairudia.

Ya tatu ni karatasi ya foili ya paa, ile inayong'aa. Inatandazwa chini ya bati kwenye kenchi, ikiachiwa nafasi ya hewa. Upande unaong'aa uelekee chini. Mafundi wengi huugeuza juu kwa kuona kwamba utarudisha jua, lakini ukitazama juu unajaa vumbi letu, na ukijaa vumbi haufanyi kazi tena. Chini haukai vumbi.

Mimi nilianza na matundu, nikaweka foili chumba cha kulala peke yake. Dari sasa ukiligusa ni vuguvugu tu.

Kuhusu ukuta wa magharibi: kivuli cha nje kinashinda pazia la ndani. Jua likishapenya kioo, joto liko ndani tayari, pazia linalichelewesha tu. Otesha mpasheni kwenye kichanja mbele ya dirisha, au tundika neti ya kivuli ile wanayotumia kwenye bustani za mboga. Miti ikiwepo, ilinde. Ndiyo maana Shanty Town, mtaa wa Moshi wenye miti mingi, hupumui joto lile lile la mtaa wa Majengo.

Hatua ya 4: Tumia hewa ya mlima

Jua likizama, hewa ya juu Kilimanjaro hupoa, inakuwa nzito, na huteremka miteremko kuja mjini. Ukiwa kibarazani baada ya saa 3 usiku unaisikia usoni. Hewa hiyo haina LUKU.

Ratiba yangu ni hii. Saa 2 asubuhi, kabla hewa ya nje haijapata moto, nafunga madirisha na mapazia ya vyumba visivyotumika. Wengi hufanya kinyume: hufungua kila kitu mchana "hewa iingie", na inayoingia ni ya nyuzi 32. Usiku, hewa ya nje ikishakuwa baridi kuliko ya ndani, nafungua dirisha la upande wa mlima na lingine la upande wa pili, ili hewa ipite. Dirisha moja peke yake halipitishi kitu. Kuta za tofali zilizonyonya joto kutwa zinapoa hadi alfajiri, na kesho zinaanza zikiwa baridi.

Nyavu za mbu ni lazima, na grili imara. Kama bado unajenga, fahamu kwamba dirisha la aluminiamu la kusukuma linafunguka nusu tu. Luva za zamani tulizozicheka zilikuwa zinafunguka karibu zote.

Na maharage ya kuchemka saa mbili nzima, yachemshie nje.

Hatua ya 5: Pangaboi kwanza, AC baadaye

Pangaboi la kawaida linakula wati 60 hadi 75. Usiku mzima wa saa nane ni kama nusu uniti, shilingi 170 hadi 215. Halipozi chumba, linapoza ngozi yako kwa kukausha jasho, ukajisikia kama joto limeshuka nyuzi mbili au tatu. Kwa hiyo ukitoka chumbani lizime, halina faida kwa kitanda kitupu. Likizunguka pamoja na AC, unaweza kuiacha AC nyuzi 26 au 27 ukajisikia kama 24.

Kuna na zile mashine zinazoitwa "AC ya maji". Siyo AC. Ni feni inayopuliza kwenye sifongo lenye maji. Januari na Februari, mchana hewa ikiwa kavu, inasaidia kwa umeme mdogo, mradi dirisha liwe wazi. Ukiifungia chumbani inajaza unyevu hadi shuka linanata, na mvua zikianza Machi haina kazi.

Hatua ya 6: Kuchagua mashine

Sasa ndiyo tuingie dukani, na tuingie na hesabu. Pima chumba kwa mita, urefu mara upana, zidisha kwa 600; jibu ni BTU, kipimo cha uwezo wa AC wa kupoza. Chumba changu ni 3.5 kwa 4, yaani mita za mraba 14, mara 600 ni 8,400. AC ya BTU 9,000 inatosha. Mimi niliuziwa ya 18,000 kwa maelezo kwamba "itapoza fasta, utaizima mapema". Ilichofanya ni kupoza fasta, kujikata, kuwaka tena kwa kishindo, kujikata, usiku kucha, na haikuwa ikikaa muda wa kutosha kutoa unyevu, hivyo chumba kilikuwa baridi na majimaji kama pango. Kubwa zaidi ya mahitaji ni hasara mara mbili, dukani na kwenye mita.

Hesabu hiyo ni ya chumba chenye dari. Kama huna dari, usinunue AC. Nunua dari.

Chukua inveta. Ile ya kawaida ina hali mbili tu, kuwaka kwa nguvu zote au kuzimika. Inveta inapunguza mwendo wa kompresa chumba kikishapoa, kama dereva anayeachia mafuta kidogo badala ya kusimama na kuondoka. Kwa mtu anayewasha saa nne na zaidi kila siku, tofauti ya bei inarudi. Anayewasha nusu saa Jumapili wakija wageni, haimhusu.

Kisha soma kibao ubavuni mwa mashine. Tafuta uwezo wa kupoza kwa wati na umeme inaotumia kwa wati, ugawanye cha kwanza kwa cha pili. Mfano, AC ya BTU 12,000 inapoza kama wati 3,500. Ikitumia 1,100, jibu ni 3.2. Chini ya 3 iache. Kadiri jibu linavyopanda ndivyo mita itakavyokuonea huruma.

Gesi ya kupozea inayozunguka ndani ya AC: tafuta aina ya R32. Epuka R22, hasa kwenye AC za mtumba. Inaondolewa sokoni duniani chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zetu zikipewa hadi 2030, na kitu kinachoondolewa sokoni siku zote kinapanda bei. AC ya mtumba ya R22 ni rahisi siku ya kununua tu.

Hatua ya 7: Kufunga

Tafuta fundi mwenye leseni, na usiende dukani wakati anafunga. Kaa naye. Angalia mambo haya.

Mashine ya nje ikae upande wenye kivuli cha alasiri, yaani mashariki ya nyumba kama inawezekana, na hewa ipite bila kizuizi. Najua tunaogopa wezi. Kizimba cha nondo hakina tatizo, mradi nondo ziachane. Nimeona iliyofungiwa kwenye boksi la bati lenye kitundu kimoja; mashine ile ilikuwa ikipumua joto lake yenyewe.

Bomba za kopa ziwe fupi, na zote mbili zivikwe sifongo jeusi hadi mwisho. Bomba la baridi likiwa uchi ukutani unapoza Moshi nzima.

Halafu kuna hili la vakyumu. Kabla ya kufungulia gesi, hewa na unyevu vilivyomo ndani ya bomba vinatakiwa kuvutwa kwa pampu, dakika ishirini hivi au zaidi. Fundi mwenye haraka hufungua gesi kidogo isukume hewa nje, anakaza nati, anadai hela yake. AC itafanya kazi, lakini chini ya uwezo wake, na kompresa itakufa mapema. Muulize pampu iko wapi kabla hajapanda ngazi.

Waya uwe wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, milimita 2.5 kwa AC ya 9,000 au 12,000, na ethi ya kweli. Umeme ukiwa na tabia ya kushuka jioni mtaani kwenu, weka kifaa cha kulinda volti chenye kuchelewesha kuwaka dakika tatu, maana kompresa haipendi kurudishiwa umeme papo hapo.

Hatua ya 8: Rimoti

Kuweka 16 hakupozi chumba haraka zaidi. Kunaiambia tu mashine isisimame hadi ifike 16, na haitafika. Weka 26, washa pangaboi. India waliona jambo hili ni kubwa kiasi cha kuagiza AC mpya, kuanzia Januari 2020, zitoke kiwandani zikiwa zimewekwa nyuzi 24, na makadirio ya mamlaka yao ya nishati ni kwamba kila nyuzi moja unayopandisha inaokoa kama asilimia 6.

Ziba chumba. Zima taa usiku, mtu mwingine awashe ya koridoni, uone mwanga unaingilia wapi. Chini ya mlango kwangu ulikuwa unapita mwanga wa kusomea gazeti. Sifongo la mlango ni hela ndogo.

Kisha taima. Nawasha saa 3 usiku, inajizima saa 6. Kufika hapo hewa ya mlima imeshafika, na mzee wa nyumba huwa anaamka kwenda msalani, basi akirudi anafungua dirisha. Pangaboi linaendelea. Saa hizo tatu, pamoja na ile ya mwanzo yenye nguvu, hula uniti kama 1.3, shilingi 465 hivi. AC ya kwanza, usiku mzima, ilikuwa inapita 2,400.

Hatua ya 9: Usafi, na hadithi ya gesi kuisha

Kwa vumbi la Moshi la kiangazi, filta ioshwe kila wiki mbili. Fungua kifuniko, zivute, zioshe kwa maji na sabuni kidogo, zikauke kivulini. Dakika kumi. Koili za mashine ya nje zipigwe maji taratibu kila baada ya miezi mitatu, umeme ukiwa umezimwa kwenye breka.

Mwaka wa pili AC ilipoanza kupoza hafifu nilimwita fundi. Hakufungua hata kifuniko.

"Bosi, gesi imeisha hii. Tuongeze."

"Imeisha imekwenda wapi, fundi?"

Akacheka. Gesi ya AC inazunguka ndani ya bomba zilizofungwa, hailiwi kama mafuta ya gari. Ikipungua, kuna inapovuja, na kuongeza bila kuziba ni kujaza maji kwenye pakacha. Mwambie apime kwa geji mbele yako, kisha apake povu la sabuni kwenye nati zote. Panapotoa mapovu ndipo. Kwangu hapakuvuja popote. Filta zilikuwa zimeziba kwa vumbi jekundu.

Juni hadi Novemba

Masika yakipoza mji, iwashe kwa hali ya feni peke yake nusu saa ili ikauke ndani, osha filta, kisha izime kwenye breka, siyo kwa rimoti, kwa sababu kwenye rimoti inaendelea kunyonya wati chache usiku na mchana. Desemba kabla ya kuiwasha, mwambie fundi afungue mashine ya nje na aangalie kwenye bodi ya umeme. Mijusi huingia kutafuta joto, na mmoja akilala juu ya bodi siku ya kuwasha, unakuwa umemchoma yeye na bodi pamoja.